Aliamu za mapambo: kuotesha, na kuchambua mpaka upate rangi unazotaka

Tuanze na pakiti za "mchanganyiko wa rangi", maana ndo zinazowakatisha watu tamaa. Unanunua, unapanda, unasubiri miezi kibao, halafu la kwanza linachanua zambarau, la pili zambarau, la tatu zambarau iliyopauka, na hapo unaanza kuulaumu udongo wako. Udongo hauna kosa. Aliamu kwa asili zimeelemea zambarau na pinki, rangi nyingine zipo ila ziko kwenye spishi tofauti, zenye urefu tofauti na msimu tofauti na tabia tofauti, kwa hiyo huwezi kuzitoa zote kwenye pakiti moja ukategemea zichanue wiki moja. Rangi inapatikana kwa njia mbili tu: kuchagua spishi sahihi toka mwanzo, na baada ya hapo kuchambua bustanini (kubakiza mazuri, kutoa mengine) wakati maua yako wazi, mwaka hadi mwaka. Hiyo ya pili wengi wanairuka, na ndo nitakaa nayo sana hapa.

Kwa ambaye hajawahi kuziona, hizi ni ndugu wa kitunguu maji, kitunguu saumu na liki. Jenasi yenyewe inaitwa Allium na ina spishi zaidi ya 800, nyingi za nusu ya kaskazini ya dunia, hasa milima ya Asia ya Kati, Uturuki, Iran na pande za Mediterania. Ukiponda jani harufu ya kitunguu inakwambia mwenyewe.

Jua kundi lako kwanza

Kuna makundi mawili ambayo kiutendaji yana tofauti kubwa sana. La kwanza ni yale yenye tunguu la mviringo linalolala kabisa baada ya maua: majani yanakauka, juu hakuna kitu, chini tunguu linapumzika mpaka baridi irudi. Humo ndo kuna yale yenye vichwa vikubwa vya mviringo unavyoviona kwenye picha, hapa nitayaita mapira. La pili ni yale yanayoota kwa vichaka, yana shina dogo la chini linalotambaa na majani yanakaa muda mrefu, mfano vitunguu majani vile vyembamba (Allium schoenoprasum) na Allium tuberosum yenye maua meupe. Kundi hili ni jepesi zaidi, linavumilia makosa, halihitaji kuzikwa kirefu, na unaligawa kwa jembe. Ukiwa mgeni kabisa anza nalo hata kama roho inataka mapira.

Rangi moja moja, na wapi inapatikana kweli

Zambarau: hapa una uchaguzi mpaka uchoke. 'Purple Sensation', ambayo ni Allium hollandicum iliyochaguliwa, ina zambarau nzito, inafika sentimita 80 hadi 100, matunguu yake ni ya bei nafuu ukilinganisha na makubwa mengine na haisumbui. Allium giganteum inakwenda mita moja na nusu na zaidi. Allium cristophii ni fupi ila kichwa chake kinafika sentimita 20 na kitu, maua yake ni nyota zenye mng'ao wa chuma, na zikikauka petali zinakuwa ngumu na umbo la nyota linabaki vilevile. 'Globemaster' ni chotara wa hiyo cristophii na Allium macleanii, haizai mbegu, na kwa sababu haizai mbegu maua yake yanakaa muda mrefu kuliko ya mengi mengine. Nunua hiyo kama unataka pira kubwa bila usumbufu, ila ujue kuwa kwenye kazi ya kuchambua miche haikusaidii kitu.

Damu ya mzee na nyekundu ya mvinyo: Allium atropurpureum ina rangi nzito kiasi kwamba ukiiweka mbele ya ukuta mweusi huioni, iweke mbele ya majani ya kijivu au mepesi. Allium sphaerocephalon ni nyembamba, kichwa chake ni kidogo chenye umbo la yai, na ndo ninayoipenda kuitazama ikibadilika: inaanza kijani kabisa, halafu wekundu unaanzia juu kichwani na kushuka taratibu, kuna siku kadhaa unakuta nusu ya juu imeiva na nusu ya chini bado kijani. Ipande kwa wingi, 20 au 30 pamoja, maana moja moja haionekani.

Pinki: Allium unifolium ya magharibi mwa Marekani ni pinki safi, fupi, haina makuu. Allium oreophilum ni sentimita 15 hadi 20 tu na pinki yake ni kali, inakaribia wekundu. Allium roseum nayo ni nzuri ila angalia, kuna zile zinazotoa vitunguu vidogo vidogo katikati ya maua, vikidondoka umekwisha, bustani nzima inakuwa yake. Allium cernuum ya Amerika Kaskazini inainamisha kichwa chini, pinki hadi nyeupe, ni ya kundi la vichaka na haina shida.

Nyeupe: 'Mount Everest' ni ndefu, na Allium nigrum ni nyeupe yenye kitovu cha kijani kizito katikati ya kila ua, ukisogea karibu unaona kila ua lina jicho. Allium neapolitanum ni fupi, haipendi baridi kali, na hiyo ndo sababu watu wa sehemu za joto waiangalie mapema. Nyeupe usizidharau, jioni zambarau zote zinapotea machoni zinabaki hizi tu. Moja ya kukwepa ni Allium triquetrum, ile yenye shina la pembe tatu. Inaenea bila adabu, na Uingereza kuiotesha porini ni kosa kisheria.

Njano: Allium moly, inatoka Hispania na kusini mwa Ufaransa, sentimita 15 hadi 30, inavumilia kivuli zaidi kuliko wenzake. 'Jeannine' ndo aina yake yenye vichwa vikubwa zaidi. Allium flavum inachelewa kuchanua na maua yake yananing'inia. Ukitaka njano ndefu kuna Allium obliquum, ila njano yake ina ukijani kidogo, sio ya kung'aa.

Bluu: hapa ndo utapeli ulipo. Bluu ya kweli ni Allium caeruleum, samawati safi, ila kichwa chake ni sentimita 3 au 4 tu na shina ni jembamba. Kuna nyingine za milima ya China, Allium sikkimense, Allium cyaneum na Allium beesianum, fupi, za kundi la vichaka, zinataka ubaridi na unyevu zaidi. Basi, hizo ndo za kuanza nazo. Ukiona mtu anauza mbegu za pira kubwa la bluu ya kung'aa, au nyekundu ya damu, au lenye rangi zote za upinde wa mvua, hiyo picha imepakwa rangi kwenye kompyuta, hakuna mmea wa namna hiyo. Usibishane naye, pita.

Halafu kuna zisizo na jina la rangi moja. Allium siculum ina kengele za krimu, kijani na zambarau kwenye ua moja. Allium schubertii inalipuka kama fataki, vijiti vyake vina urefu tofauti na kichwa kizima kinapita sentimita 30. Na Allium karataviense inanunuliwa kwa ajili ya majani, mapana ya kijivu yaliyolala chini, ua lake ni jeupe lenye pinki ya mbali.

Kwa maua ya mwishoni mwa majira ya joto, wakati mapira yote yameshakauka, chukua 'Millenium' (ndio, imeandikwa hivyo, n moja). Ilitolewa na Mark McDonough wa Marekani na mwaka 2018 chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha huko kiliichagua kuwa mmea wa mwaka. Ni pinki ya zambarau, kichaka kinajaa, nyuki wanaifuata sana. Ya mwisho kabisa ni Allium thunbergii ya Asia ya Mashariki, inachanua wakati wengine wanafunga bustani.

Kununua na kuandaa sehemu

Tunguu libonyeze chini kwenye kitako, pale mizizi inapotokea. Pakiwa laini au pana ukungu wa kijani uliozama ndani, rudisha. Ganda la nje kuchubuka sio shida. Ukubwa una maana kwa mapira: tunguu dogo la Allium giganteum litatoa majani tu mwaka wa kwanza, usishangae. Na ukinunua, nunua kwa jina la spishi au aina, sio kwa picha wala kwa "mix".

Jua kamili, angalau saa 6 kwa siku. Kivulini mashina yanarefuka, yanalala, na rangi inapauka, na hiyo ya rangi watu hawaihesabu wakati wako hapa kwa ajili ya rangi. Joto kali nalo linapausha, hivyo kama kwako jua la mchana linachoma sana, sehemu yenye jua la asubuhi hadi saa saba saa nane inatosha.

Udongo lazima upitishe maji. Ukichimba shimo la sentimita 30 ukalijaza maji na baada ya saa kadhaa bado yamo, usipande hapo, inua tuta au tumia vyungu. Udongo wa mfinyanzi changanya kokoto ndogo na mboji iliyoiva vizuri, sio mchanga laini wa kujengea peke yake maana ule na mfinyanzi vinashikana vinakuwa tofali. Samadi mbichi weka mbali kabisa. Tindikali ya udongo ikiwa kati kwa kati, pH 6.5 hadi 7.5, uko salama, ukiwa na udongo mchachu sana tupia chokaa ya kilimo kidogo wiki kadhaa kabla.

Kupanda

Wakati ni kabla ya majira ya baridi, udongo ukiwa umeanza kupoa ila haujaganda. Kwa walioko nusu ya kaskazini ya dunia ni kati ya Septemba na Novemba, kusini geuza kalenda. Kina ni mara tatu ya urefu wa tunguu: mapira makubwa yanakwenda sentimita 15 hadi 20, madogo kama Allium moly sentimita 8 hadi 10 zinatosha. Kupanda juujuu ndo sababu kubwa ya mashina kuanguka na tunguu kujigawa vipande vipande ambavyo havichanui. Umbali weka sentimita 20 hadi 30 kwa makubwa, 8 hadi 10 kwa madogo. Ncha juu, kitako chini. Mwagilia mara moja udongo ukae, halafu acha.

Kitu kimoja cha kupanga toka mwanzo ni majani. Mapira mengi majani yake yanaanza kuwa ya njano kabla hata ua halijafunguka, hayo sio maradhi, ndo yalivyo. Usiyakate yakiwa bado kijani kwa sababu ndo yanalisha tunguu la mwaka kesho. Panda mbele yake kitu chenye majani ya chini ya kuficha, mfano jeranium za kudumu au nepeta, tatizo limekwisha.

Suala la baridi

Mapira yanayochanua baada ya majira ya baridi kupita yanataka kupigwa baridi ndo yaamke. Bila wiki kadhaa za chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, tunguu linatoa majani dhaifu au halitoi kitu. Ukiwa sehemu isiyo na baridi una njia mbili. Ya kwanza ni friji: weka matunguu makavu kwenye mfuko wa karatasi au wa neti kwenye nyuzi 4 hadi 9 kwa wiki 10 hadi 14, na humo ndani pasiwe na tofaa wala ndizi wala tunda lolote linaloiva, maana gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda inaua kichanga cha ua ndani ya tunguu. Ukitoa, panda siku hiyohiyo. Kwa spishi ndogo inafanya kazi vizuri kiasi, kwa mapira makubwa ni bahati nasibu na mara nyingi unayahesabu kuwa ya mwaka mmoja. Njia ya pili ndo ninayoipendekeza: achana na mapira, jenga bustani yako kwa kundi la vichaka, Allium tuberosum kwa nyeupe na vitunguu majani kwa pinki na zambarau, na Allium neapolitanum ukitaka ya tunguu. Rangi zitakuwa chache, ila zitakuwepo kila mwaka.

Kutunza, kwa kifupi

Majani yakichomoza toa mbolea yenye potashi zaidi kuliko naitrojeni. Naitrojeni nyingi inaleta majani mapana laini na matunguu yanayooza. Mwagilia wakati majani yanakua kama mvua haipo, acha kabisa yakishakauka, tunguu likilala linataka ukavu (kundi la vichaka hili haliwahusu, wao endelea kuwapa maji). Palizi ifanye kwa mkono, jembe linakata shingo.

Kuhusu maradhi, linalotisha ni moja, kuoza kweupe. Majani yanakuwa njano ghafla, ukivuta tunguu linakuja na utando mweupe wenye vichembe vyeusi vidogo kama vya haradali. Vichembe hivyo vinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 15 vikisubiri jamii ya kitunguu irudi. Toa mmea na udongo wake, usiweke kwenye mboji, osha jembe, na hapo usipande tena ukoo huu. Kwa hiyo pia usipange aliamu za mapambo karibu na tuta la vitunguu vya kula, wanaambukizana kila kitu, kutu ya majani na vithiripi (wadudu wadogo wanaofyonza majani) wamo. Wanyama wakubwa wengi na panya hawapendi harufu, hiyo ni faida. Mbwa na paka wao wasizile, ukoo wote huu unaharibu chembe nyekundu za damu yao.

Sasa kuchambua

'Purple Sensation' uliyonunua mwaka huu ni nzuri. Ukiiacha idondoshe mbegu, baada ya miaka michache una msitu wa miche yake, na mingi imepauka kuliko mama, wengine wanasema "zimechoka" au "zimegeuka". Hazijageuka. Lile tunguu la mwanzo bado liko vilevile, ila limezungukwa na watoto waliotoka kwa mbegu, na mbegu inachanganya. Kwa hiyo amua kabisa: kama unataka rangi ibaki ileile, kata vichwa kabla vibumba (vifuko vya mbegu) havijapasuka, kila mwaka, bila huruma. Kama unataka rangi mpya, acha mbegu, ila ukubali kuwa kazi ya kung'oa ni yako.

Kazi yote ya kuchambua inafanyika maua yakiwa wazi, sio kabla wala baada. Matunguu yakishalala yote yanafanana, huwezi kujua lipi lilikuwa zuri, na kumbukumbu inadanganya sana kwenye rangi. Chukua uzi wa sufu wa rangi mbili, mmoja wa kubakiza, mwingine wa kutoa, funga chini kabisa ya shina. Kwa yale ya kubakiza chomeka lebo yenye namba, iandike kwa penseli ya kawaida kwa sababu wino wa maka peni unafutwa na jua. Lebo ya pili izike pembeni ya tunguu, shina likikauka likapeperuka na uzi wake bado unayo ya chini.

Rangi iangalie asubuhi au siku ya mawingu. Jua la jioni lina wekundu wake, kila kitu kinaonekana kizuri. Simu nayo usiiamini, kamera nyingi zinageuza zambarau kuwa bluu, ukipiga picha weka karatasi nyeupe pembeni ili ulinganishe baadaye. Kitu bora zaidi ni kadi za rangi, zile za rangi za ukutani zinatosha, shikilia kadi nyuma ya ua mpaka upate inayofanana, andika namba ya kadi. Halafu rudi baada ya wiki. Kuna maua yanaanza na rangi ya kuua mtu halafu siku ya tano yamekuwa kijivu, na kuna mengine yanaanza kawaida tu na yanaishia vizuri. Mimi nampa alama zaidi huyu wa pili. Kichwa kinafunguka kwa wiki mbili tatu, ua moja baada ya lingine, kwa hiyo rangi ya uzee unaiona kichwa kizima.

Rangi peke yake pia haitoshi. Angalia shina linasimama baada ya upepo, kichwa kimejaa au kina mapengo, majani yameoza mapema kiasi gani. Ua zuri kwenye shina linalolala utalichukia mwaka wa tatu.

Wale wanaoonekana wazi toka mwanzo kuwa ni wa kutoa, watoe siku hiyohiyo maua ya kwanza yanapofunguka. Ukiwasubiri wamalize, chavua yao imeshabebwa na nyuki mpaka kwa wale wazuri na mbegu zako zote zimechafuka. Huna haja ya kuwatupa, kata ua uweke ndani kwenye chombo cha maua, tunguu lihamishie pembeni kabisa.

Kutoka mbegu mpaka ua

Mbegu ziko tayari kibumba kikipasuka na weusi kuonekana ndani. Kata kichwa kizima, kiinamishe kwenye mfuko wa karatasi, acha kikauke. Usihifadhi muda mrefu, mbegu za ukoo huu zinapoteza nguvu haraka, baada ya mwaka mmoja au miwili kwenye joto la kawaida nyingi zimekufa. Sia zikiwa bado mpya, kwenye trei yenye kina cha sentimita 10 na zaidi, mchanganyiko wa mboji na kokoto ndogo, funika nusu sentimita. Zile za milimani ziache nje zipigwe baridi, au trei yenye unyevu iingie friji wiki kadhaa. Za vichaka nyingi hazihitaji hayo, zinaota tu.

Mche unatoka umejikunja kigoti halafu unajinyoosha, jani moja jembamba sana. Kwa mapira, mwaka wa kwanza unaweza kuishia na jani hilohilo moja, linakaa miezi michache linakauka, na hapa ndo trei nyingi zinamwagwa wakati chini kuna vitunguu vidogo vya milimita kadhaa viko hai kabisa. Acha trei, punguza maji, subiri baridi ipite. Kundi la vichaka mengi yanatoa ua mwaka wa pili. Mapira ni miaka 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi, na hakuna njia ya mkato. Kwa sababu hiyo sia kila mwaka kidogo, ili ukishavuka ile miaka ya kusubiri uwe na kundi jipya la kuchambua kila msimu. Na sia nyingi kuliko unavyodhani, katika miche 100 ukibakiza miwili au mitatu umechambua vizuri.

Ukitaka kuchanganya mwenyewe

Usijaribu kuoanisha chochote na chochote, ndugu wa mbali hawashiki. Oanisha mapira na mapira, vichaka na vichaka, na vinavyochanua wakati mmoja. Asiyezaa, mfano 'Globemaster', hana cha kukupa.

Ua la aliamu lina petali 6 na stameni 6 (vijiti vya kiume vyenye chavua), na stameni ndo zinatangulia kukomaa: zinamwaga chavua wakati kijiti cha kike bado kifupi, kinakuja kurefuka baadaye. Hiyo inakusaidia. Kwa mmea mama, punguza maua kichwani ubakize 20 au 30 yanayokaribia kufunguka, chomoa stameni zote 6 kwa kibano kabla hazijapasuka (tatu za ndani ndo zinatangulia, zianzie hizo), halafu funika kichwa kwa mfuko wa neti yenye matundu madogo. Maua mengine yakiendelea kuchomoza kila asubuhi yatoe, vinginevyo kichwa kitajichavusha chenyewe. Kijiti kikirefuka na ncha kuanza kunata, leta chavua ya baba kwa brashi ndogo, gusa, rudia kesho yake na keshokutwa, funika tena. Andika mama kwanza, baba pili, na tarehe.

Kizazi cha kwanza kinaweza kukuvunja moyo, watoto wote wanaangukia katikati ya wazazi au wanafanana na mmoja. Usitupe. Achia hao wachavushane wenyewe kwa wenyewe chini ya neti kama wanazaa, na kizazi kinachofuata ndo rangi zilizojificha zinaweza kuibuka. Kwa mapira hesabu hiyo inapita miaka 8 kirahisi, na ndo maana nakwambia kama unajifunza kuchanganya anza na vitunguu majani, humo kuna zambarau, pinki na nyeupe, mzunguko wake ni mfupi na majaribio yaliyoshindwa unayala.

Kuzidisha uliyemchagua

Ukishapata mmoja, usimzidishe kwa mbegu, utarudi kulekule. Mapira yachimbue majani yakiwa njano ila bado yanaonekana, baada ya miaka 3 au 4 ardhini, bangua vitunguu vidogo vilivyojishika pembeni ya mama, vikubwa virudi bustanini, vidogo viende kitaluni vinenepe msimu mmoja miwili. Mengine yana uchoyo, yanatoa mtoto mmoja tu au hayatoi. Vichaka ni rahisi, chimbua mwanzo wa ukuaji, gawa kwa kisu kila kipande kiwe na machipukizi matatu manne na mizizi, panda siku hiyo.

Na kabla hujampa jina wala kugawia watu, mpande sehemu mbili tofauti, moja yenye jua zaidi na moja yenye udongo mzito kidogo, umwangalie misimu miwili kwa kadi ileile ya rangi uliyoandika mwanzo. Akibadilika sana kati ya sehemu hizo, rangi uliyoipenda ilikuwa ya mahali, sio ya mmea, mrudishe kwenye kundi la kawaida uendelee na namba inayofuata.